Mguu wa Mutasema

Jumatatu, 10 Februari 1997

Kosa la watu wengi wenye mbwa aliyevunjika mguu ni kudhani kwamba mfupa ukishaungana, mguu umepona. Daktari Honoré, mganga wa mifugo, amenieleza hayo leo akifunga plasta, nami naandika mara moja kwa sababu nimefundisha elimu ya viumbe maisha yangu yote na kosa hilo lingekuwa langu. Mfupa hutaka utulivu. Msuli hauutaki. Ukifungwa wiki kadhaa hunywea, na goti hukakamaa kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Kwa hiyo baada ya kuunga kuna kazi ya pili, ya kuurudisha mguu katika mwendo, na hiyo ina wataalamu wake. Hapa mjini wanaoifanya kwa watu huitwa kine. Wanaoifanya kwa mbwa hawana jina kwa kuwa hawapo.

"Utatafuta kine wa watu," alisema Honoré, "lakini mwenye kukubali kwamba mbwa si mtu. Mbwa haiwezi kukuambia inaumwa wapi."

Jana ilikuwa hivi. Mke wangu Marguerite haoni. Presha ya macho ilimaliza jicho la pili miaka saba iliyopita. Mbwa wetu humpeleka parokiani kwa kamba na kumrudisha. Hakuna aliyemfundisha. Yeye na mbwa walizoeana, na sasa anaisoma ile kamba kama mimi ninavyosoma gazeti. Mbwa anaitwa Mutasema. Asiyejua desturi yetu nimfafanulie: huku mbwa hupewa maneno yawe jina, ili mwenyewe akimwita, jirani apate ujumbe bila ugomvi. Marguerite alipopofuka, majirani walisema amelogwa. Wengine wakasema ni malipo ya mwanamke wa Uvira kuja kuolewa huku. Akapata kijibwa, akakiita Mutasema, na kila asubuhi akawa anakiita uani kwa sauti yake ya kwaya. Maana yake: semeni mpaka mchoke.

Jana wakitoka misani, mbwa alisikia harufu ya nyama inayochomwa karibu na kizuizi cha barabara ya chuo kikuu, akaponyoka. Marguerite akaita, "Mutasema! Mutasema!" Kijana mmoja mwenye bunduki akageuka.

"Mama, tutasema nini? Nani alikuambia?"

Sijui vijana wale walikuwa wamefanya nini juzi yake. Ni dhahiri kulikuwa na jambo la kusemwa. Alipoelezwa kwamba ni jina la mbwa alicheka sana, kisha akampiga mbwa kwa kitako cha bunduki ili, kwa maneno yake, naye asiseme. Mfupa wa muundi, mguu wa nyuma wa kushoto.

Jumanne, 11 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mbwa amelala. Marguerite pia.

Jumapili, 16 Februari

Marguerite hakwenda misani. Nilimwambia nitamshika mkono.

"Apana, Mwalimu."

"Ni hatua chache. Watu watafurahi kukuona."

"Ukinishika mukono, watu wanasalimia we: 'Mwalimu, habari? Na mama anaendelea?' Kama mi siko hapo. Nikiwa na mbwa, wananisalimia mi."

Sikuwa nimeliona jambo hilo, nami ndiye mwenye macho. Yeye ndiye huongoza wimbo wa Pentekoste katika kwaya, kila mwaka. Pentekoste mwaka huu ni tarehe 18 Mei. Nimemwahidi kwamba atakwenda na mbwa. Nimeandika ili nisije nikajifanya sikuahidi.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Sukari hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Honoré amekuja kwa baiskeli kukagua plasta; tangu nchi jirani zitufungie mipaka, petroli ni ya wakubwa tu. Amesema kine ninayemtafuta yupo. Anaitwa Prudence, anaishi Buterere, anafanya kazi katika kituo cha waliokatwa viungo. Amesoma miaka mitatu Kinshasa, na amewahi kuwatibu mbwa wawili wa mapadri. Huwatembeza ndani ya mfereji wa mashamba ya mpunga, maji yakiwafika kifuani, kwa sababu maji hubeba uzito na mguu hufanya mwendo bila kubeba mwili. Kanuni hiyo niliifundisha kwa chaki na ndoo. Sikuwahi kuwaza inaweza kuwa dawa.

Jioni alikuja mdogo wangu Valéry. Nilimweleza habari za mfereji. Hakuuliza amesoma wapi. Aliuliza:

"Ni wa wapi?"

"Nimekuambia. Buterere."

"Kaka, we ni mwalimu lakini unajifanya mutoto. Ni wa *wapi*?"

Katika mji huu swali hilo halihusu ramani. Anayelala Buterere na anayelala hapa Mutanga Sud wamegawanywa tangu vita ilipoanza, na kila mmoja anajua upande upi humlilia maiti yupi. Nilimjibu kwamba mguu wa mbwa hauna upande. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema wazee kabla ya kuwekewa sumu.

Valéry si mtu mbaya. Ni yeye huniletea mkaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya mawe. Mbwa ameguguna plasta. Marguerite amemkemea kwa jina, kwa kunong'ona. Siku hizi hulitamka jina hilo kwa kunong'ona tu.

Jumatatu, 24 Machi

Plasta imetolewa. Mguu ni mwembamba kama wa kuku na goti halikunjiki. Honoré alipapasa mfupa muda mrefu. Alisema anataka kuuona kwa picha kwanza, ndipo kine aanze. Lakini hapa mjini filamu za picha za mifupa zimekwisha, kwa hiyo anavuka mpaka kwenda Uvira kutafuta filamu na dawa. Atarudi Jumatatu.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Marguerite alikaa uani akasikiliza kengele.

Jumatano, 2 Aprili

Honoré hajarudi. Barabara ya Gatumba, iendayo mpakani, imefungwa. Mbwa anatembea kwa miguu mitatu, wa nne ameuinua, haugusi chini. Kila nikimwangalia nakumbuka bawaba.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetoka Buterere. Naandika nikiwa na hasira, na nimewaonya wanafunzi wengi wasiandike hivyo.

Nilimweka mbwa ndani ya kreti nyuma ya baiskeli nikaisukuma kupitia Kigobe hadi kule bondeni. Maji yako kila mahali. Watu wameweka matofali milangoni. Kwenye vizuizi nilisema naenda kutibu mbwa, nikachekwa, nikapita. Prudence ni mwanamke wa makamo, mrefu, ana mikono ya mtu aliyezoea kuinua watu wazima. Alichuchumaa mbele ya kreti akamtazama mbwa. Hakumgusa.

"Nani alifunga plasta?"

"Daktari Honoré."

"Alikuambia mufupa iko namna gani?"

"Yuko Uvira. Alitaka picha kwanza, lakini njia imefungwa."

"Bon. Tutamungojea."

Nilimweleza, kwa adabu, kwamba goti linakakamaa na kila siku ina gharama yake. Yeye kama mtaalamu anajua hayo kuliko mimi.

"Ninajua, muzee. Goti inaweza kungoja. Mufupa haiwezi kuharakishwa." Akasimama. "Mi sigusi kazi ya mwenzangu kama hajaniambia ameiacha wapi. Umutembeze polepole na kamba, hapo uani tu. Umuwekee kitambaa ya moto kwenye paja. Mutu yeyote asikunje ile goti. Unasikia? Mutu yeyote."

"Nimetoka mbali, madamu."

"Ninaona. Mbwa inaitwa nani?"

Nilimwambia. Hakucheka. Alisema, "Ile jina ni nzito," akaingia ndani kuchota maji yaliyokuwa yameingia chumbani.

Basi. Nimesukuma baiskeli siku nzima ili niambiwe kitambaa cha moto.

Valéry alinikuta nikivua viatu. Nilimsimulia, naye akasikiliza mpaka mwisho, jambo asilolizoea.

"Hakumugusa?"

"Hakumgusa."

"Hata kidole?" Akatikisa kichwa. "Kaka, nilikuambia. Kama ingekuwa mbwa ya watu yake, angemugusa. Alikuangalia we, akajua unatoka wapi. Ile ya daktari ni sababu tu."

Nilikaa na maneno hayo. Nikalikumbuka jicho lake aliponitazama. Nikamkumbuka akisema "muzee" na si "Mwalimu". Nimekuwa mtu wa kupima mambo, na nimeyapima: anayejua kazi na mwenye huruma angemshika mnyama anayeumwa. Yeye hakumshika. Sioni maelezo mengine. Vita imefika hata kwenye mguu wa mbwa.

Jumatano, 9 Aprili

Valéry amemleta Marcellin, kine wa timu ya mpira, mwenye koti jeupe na chupa ya mafuta ya kafuri. Alimshika mbwa kabla hata hajaketi. Nakiri nilifarijika. Amesema wiki tatu tu, mbwa atamkimbiza mwizi hadi ziwani.

Valéry alimpigapiga begani. "Huyu ni wetu," akaniambia.

Marcellin alilikunja goti kwa nguvu. Mbwa akalia mlio mrefu.

"Akilia ndiyo mushipa inafunguka," alisema Marcellin. "Hata wachezaji wanalia, na wale ni wanaume."

Marguerite alikuwa mlangoni. "Ile sauti siyo ya mushipa," alisema.

Nilimweleza kwa upole kwamba tishu zilizonywea zikinyooshwa huleta maumivu, na kwamba maumivu hayo yana faida. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, we unajua mengi," akaondoka kwa kushika ukuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Marcellin mara ya pili. Mbwa alijificha chini ya kitanda alipolisikia koti lake likipepea. Tulimvuta.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kubwa. Risasi upande wa kaskazini mchana kutwa. Hakuna aliyetoka.

Jumatano, 16 Aprili

Marcellin mara ya tatu. Valéry alishika kichwa, mimi nilishika mgongo, Marcellin alilala juu ya mguu kwa uzito wake. Kulitokea mlio, si mkubwa. Kama wa kijiti kikavu ndani ya tambara.

"Goti imefunguka!" alisema Marcellin akijipangusa jasho. "Umeona?"

Marguerite, kutoka jikoni: "Imevunjika."

"Mama, ni goti."

"Mi ndiye kipofu hapa," alisema Marguerite. "Imevunjika."

Alhamisi, 17 Aprili

Mguu umevimba. Nimemtuma mtu kwa Marcellin. Amejibu kwamba uvimbe ni damu mpya inaingia.

Jumatatu, 21 Aprili

Honoré amerudi, amekonda, na filamu zake ndani ya gazeti. Tumepiga picha. Aliiinua mbele ya dirisha akaniita nitazame, kwa kuwa anajua napenda kuelezwa. Mahali mfupa ulipokuwa umeanza kushikana pana gegedu laini. Ungetaka wiki tatu nyingine za utulivu. Gegedu hilo limepasuka na kipande cha chini kimepanda juu ya cha juu.

"Nani alilikunja?"

Nilimwambia.

"Lakini nilituma neno. Prudence hakukufikia?"

Nilimuuliza neno gani.

"Aliniuliza mara tatu, Mwalimu! Alimutuma muuza mawese wa kwao anayevuka na mutumbwi usiku, anaitwa Namegabe, akanitafuta Uvira nzima. 'Ile mbwa Mutasema, mufupa iko aje, ninaweza kuanza lini?' Nikamujibu: bado laini, musiguse mpaka mwisho wa Aprili. Jibu ilimufikia tarehe kumi na mbili, Namegabe mwenyewe ameniambia."

Tarehe kumi na mbili tulikuwa tunamvuta mbwa chini ya kitanda.

Amefunga plasta ya pili. Mguu utakuwa mfupi, na goti, amesema, tusilitumainie.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda Buterere peke yangu, bila kreti. Prudence alikuwa ndani ya mfereji na mzee mmoja aliyekatwa mguu, akimtembeza kwa kumshika kiunoni. Nilisimama ukingoni mpaka wakatoka. Nilimwambia kilichotokea kwa mpangilio, nikajitahidi nisijitetee. Aliniuliza goti lilikunjwa mara ngapi, na mbwa alilia vipi. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniletea jibu la Honoré.

"Nilikuja."

"Lini?"

"Siku ya Mungu, tarehe kumi na tatu, na ile mvua. Nilifika kwa ile bariyeri ya chuo. Wakaniuliza, 'We ni wa wapi?' Nikasema Buterere. 'Na unaenda kwa nani?' Kwa mwalimu mumoja, niko na habari ya mguu ya mbwa yake. Wakacheka." Alikuwa anajikausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Mumoja hakucheka. Nikarudi."

Niliketi ukingoni mwa mfereji.

"Na kwenu? Walisema nini juu yangu, waliposikia nimekatala?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia: walisema hukumgusa kwa sababu ya tunakotoka. Nikaongeza kwamba nami nilisema.

Aliutazama mfereji. "Ni Mutasema, sivyo? Jina lake?"

"Ndiyo."

"Basi mulisema."

Baadaye, kwa sauti ya kazi, alinieleza linalowezekana. Plasta ikitoka katikati ya Juni, nimlete kila Jumamosi. Goti halitarudi. Nyonga na mgongo vinaweza kufundishwa kubeba mguu mfupi, mbwa atatembea kwa kuchechemea na hataumia. Lakini nilikuwa sijamwambia kazi ya mbwa yule. Nikamwambia.

"Kamba itaruka-ruka," alisema. "Mama ataisoma namna gani? Itamuambia kuna shimo mahali hakuna. Yeye pia aje. Itabidi ajifunze upya, kama wale wangu. Na asiponitaka, nitaelewa."

Nimesukuma baiskeli hadi nyumbani. Sikuipanda.

Jumapili, 27 Aprili

Nilimsomea Marguerite kurasa zote tangu Februari, ikiwa pamoja na ile ya tarehe tano niliyoandika kwa hasira. Nilipofika kwenye "sioni maelezo mengine" aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Yule mama aliuliza jina ya mbwa," alisema. "Marcellin hakuuliza."

Ni kweli. Nimerudi nyuma nikatafuta. Marcellin hakuuliza chochote: si jina, si nani alifunga, si lini. Maswali yote tuliuliza sisi, nayo yalikuwa swali moja: ni wa wapi.

Jumanne, 6 Mei

Valéry ameleta mkaa. Nilimweleza habari ya Prudence na kizuizi. Alisikiliza, akasema huenda amejitungia. Nikamuuliza, na yule muuza mawese naye amejitungia? Akasema Marcellin angalau alijaribu.

Hilo ndilo linalonichosha. Kesho atalisimulia mtaani hivyo: alijaribu. Na aliyengoja atabaki aliyekataa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua nyepesi. Pengine ya mwisho.

Jumapili, 18 Mei. Pentekoste

Tulikwenda misani. Marguerite alivaa kitenge chake cha kijani. Mbwa alibaki uani na plasta yake, akalia tulipofunga lango. Nilimshika mke wangu mkono.

Kwenye kizuizi: "Mwalimu, habari? Na mama anaendelea?"

Kwenye kona ya duka: "Karibu, Mwalimu. Mama hajambo?"

Mlangoni pa kanisa, padri: "Mwalimu! Umetuletea mama."

Kila mara nilihisi vidole vyake vikilegea kidogo ndani ya vyangu. Wimbo aliongoza mwingine, kwa kuwa mke wangu hakuhudhuria mazoezi. Marguerite aliimba pamoja na umati, sauti ya chini, nami niliyekuwa kando yake nilimsikia kwa shida.

Njiani kurudi nilimwambia samahani.

"Ulisema nitaenda na mbwa," alijibu.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekwisha. Vumbi la kwanza liko juu ya majani ya migomba.

Leo asubuhi amekuja jirani yetu Mama Chanelle. Mbwa wao amegongwa na lori la jeshi. Amefungwa plasta, na sasa wanatafuta kine. Valéry amemtajia Marcellin.

"Mwalimu, yule kine wenu iko muzuri? Wanasema ni mutu wetu."

Nikamwita Mutasema. Nilimwita kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu Februari, na majirani wasikie. Akaja akiburuta plasta, akasimama mbele yake. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi ya Marcellin."

Aliangalia muda mrefu. "Na mwingine haiko? Kuna madamu mumoja wa Buterere, shemeji alimupelekea mbwa juzi. Akakatala hata kumugusa! Hawa watu, Mwalimu, roho yao..."

Nilimkata maneno, nami si mtu wa kumkata mwanamke maneno uani kwangu. Nilimwambia neno moja, nalo naliandika hapa kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye mnyama mgonjwa mlangoni.

Leo, kabla jua halijatua, nenda kwa yule aliyekukatalia, umwulize kwa nini.